Mbegu za Mama Ndani ya Friji

Mume wangu alilijengea friji ndani ya ukuta, tofali na saruji pande tatu, na mpaka leo halijatoka. Liko pale pale jikoni, nyumbani kwetu Makote, na mimi ndiye ninayelifuta vumbi. Wageni wakiliona wanasema, aa, mama, kumbe una friji. Nawaacha waseme. Sina nguvu ya kumweleza kila anayeingia.

Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kubangua korosho. Kiwanda kiliposimama, wakaambiwa waende nyumbani wangoje, wakangoja, wakangoja hadi wakachoka. Vitu vya nyumba za wakubwa vikauziwa wafanyakazi. Wenzake walitumia akili: huyu alichukua mabati, yule vitanda, mmoja alichukua cherehani na cherehani hiyo ikasomesha watoto wake. Wa kwangu alirudi na friji la mafuta ya taa, kalipakia kwenye pikapu ya watu, anatabasamu. Nikamuuliza, "Baba watoto, hili la nini tena?" Akasema, "La maji baridi." Huku kwetu juu maji yenyewe tu tulikuwa tunayafuata bondeni, unaondoka alfajiri unarudi jua kali na ndoo kichwani, halafu mtu ananiletea habari za maji baridi.

Nisimsingizie, hakuwa peke yake. Zilikuwa enzi za ruksa. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sabuni, miaka ambayo kanga unaipata kwa kujuana na mwenye duka. Mara milango ikafunguliwa. Newala mjini zikajaa redio, baiskeli, mitumba, mafuta ya kupaka yenye kunukia, mifuko ya nailoni ya kila rangi. Wanunuzi binafsi wakaanza kupanda huku na magari yao kufuata korosho mlangoni kwa mkulima. Kila mtu alitaka kitu ndani kionyeshe kwamba na yeye mambo yamemfungukia. Mume wangu chake kilikuwa hilo friji.

Na friji halikai kwenye jiko la nyasi. Hilo ndilo lililoniponza.

Jiko langu lilikuwa la nje, la miti na udongo, limeezekwa nyasi. Juu ya mafiga palikuwa na dari la fito ambalo moshi wa miaka mingi ulilifanya jeusi tii. Hapo ndipo mwanamke wa kwetu anapoweka mbegu. Mahindi unayafunga na maganda yake unayaning'iniza. Kunde, choroko na njugu mawe unazitia kwenye vibuyu na kwenye vilindo, yale makopo ya magome ya mti, unaziba kwa udongo. Moto uleule unaopika ugali ndio unaolinda mbegu, kwa sababu mdudu hataki moshi, na unyevu hautaki joto la taratibu la kila siku. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno. Nilimwona mama anafanya, nikafanya.

Jiko lile alilibomoa. Nilikubali mwenyewe, sikatai, kwa sababu aliniambia jiko jipya litakuwa la bati, na bati linakinga maji ya mvua. Nilifikiria pipa langu limejaa mlangoni, nikasema bomoa. Akajenga jiko la tofali lililoungana na nyumba, sakafu ya saruji, kuta akazipaka chokaa, na kwenye ukuta mmoja akaacha pango la kimo cha mtu. Friji likaingia humo. Halafu, kwa kuogopa wezi, akalikandika kwa saruji pembeni, juu na nyuma, pasipite hata kijiti. Kuni akakataza, zitachafua chokaa. Nikapewa jiko la mkaa.

Lile friji liligandisha kwa wiki tatu. Watoto wa jirani walikuja kulamba barafu, na bwana alikaa barazani anapokea sifa. Baadaye likaanza kutoa moshi kuliko baridi, likawa linakunywa mafuta ya taa usiku na mchana na maji yake ni ya uvuguvugu. Fundi mmoja kutoka Masasi alilitazama mara moja tu akasema friji la aina hii lazima lipumue nyuma, nawe umelizika. Ukilitaka lifanye kazi, vunja ukuta. Mume wangu hakuvunja. Alisema atavunja, na kwa nyumba yetu neno "nitavunja" lilikuwa limefika mwisho wake hapo hapo.

Kwa hiyo nikabaki na jiko lisilo na dari, lisilo na moshi, na ukutani kabati la chuma lililokufa. Mbegu zangu niliziweka chumbani kwenye magunia. Panya walizila msimu wa kwanza, nikapanda za kuombaomba. Mtu ambaye hajawahi kuomba mbegu hajui ninachosema. Chakula unaweza kuomba, chumvi unaweza kuomba. Mbegu ukiomba, watu wanakutazama wanajiuliza mwanamke gani huyu.

Ndipo nikaligeukia lile friji. Niseme ukweli, niliifanya kazi ile kwa hasira, na kwa hasira niliifanya vizuri. Nilitoa lile tangi dogo la mafuta chini na utambi wake. Nikaziba tundu la moshi kwa udongo wa kichuguu niliouchanganya na majivu, nikalainisha kwa kiganja. Ndani nikalisugua kwa ndimu na mchanga mpaka harufu ya mafuta ikatoka, nikaliacha wazi siku nne. Vile vichanja vya waya havikubeba kitu kizito, nikavitandikia mbao za sanduku. Pale palipokuwa pa barafu nikaweka sindano, nyuzi, vyeti vya watoto vya kliniki na kadi za chama cha ushirika. Katikati sukari, chumvi, majani ya chai. Chini, kwenye nafasi ya tangi, pasi ya mkaa na vitunguu. Mpira wa mlango ulikuwa bado mzima: ukiufunga unasikia umeshika.

Likanikubali. Siafu hawakuingia, panya hawakuingia, hata mende. Sukari ilikaa bila kushikana. Wanawake walikuja kutazama nikawafungulia mlango taratibu, nikawaonyesha. Nilijishaua, nakiri. Nilikuwa namkalia mume wangu kooni: wewe ulileta takataka, mimi nimelitafutia kazi. Alikuwa anainuka anatoka nje, na kutoka kwake kulinipa utamu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, mama akaja kutoka Mnyambe. Alikuwa na uvimbe tumboni, ilibidi akapasuliwe hospitali upande wa Masasi, kisha akae kwa kaka yangu Lupaso mpaka apate nguvu. Nyumbani kwake hapangekuwa na mtu wa kuwasha moto. Akashuka kwenye gari ameshika tumbo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili haukuachia kikapu. Nikampokea, shikamoo mama, marahaba, na kabla hajakaa akasema, "Nimekuletea mbegu zangu."

Zilikuwa zote, kila moja kwenye kibuyu chake. Kunde, choroko, mahindi mekundu, mbaazi, na njugu mawe zile nyeupe zenye doa jeusi kwenye jicho, ambazo yeye alizipata kwa mama yake na mama yake kwa mama yake. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mbegu zinapita njia hiyohiyo, kutoka mama kwenda kwa binti. Mimi ndiye binti pekee. Siku moja zingekuwa zangu, hilo halikuhitaji kusemwa.

Akauliza, "Moto wako uko wapi?"

Nikamchukua mkono nikamwingiza jikoni. Mume wangu alikuwa humo, akatoka haraka kwa mlango wa pili, kwa heshima ya mkwe. Nikafungua friji. Nilifungua kwa madaha, Mungu anisamehe. Mama akaingiza mkono, akapapasa ukuta wa ndani, akafunga mlango, akafungua tena akisikiliza ule mpira unavyong'ang'ania.

"Halipumui hili," akasema.

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, huo ndio uzuri wake. Hata mdudu hapumui."

Hakucheka. Alikuwa amechoka na maumivu yalikuwa yanampanda, nilimwona anauma mdomo. Akakaa kwenye kigoda akafikiri. Akasema mwaka huu ukungu wa asubuhi ulikuwa mwingi, mbegu hazikukauka kama anavyotaka. Akasema, "Basi usizitoe kwenye vibuyu. Na kila mwezi uzitoe nje, uzianike siku nzima, jioni zikipoa ndiyo uzirudishe." Nikasema ndiyo mama. Akarudia, nikasema ndiyo mama, nimesikia, mimi siyo mtoto. Kesho yake akaondoka kwenda Lupaso.

Vibuyu havikuingia. Shingo zake zilikuwa ndefu, zinagonga mbao, mlango haufungi. Ningeweza kung'oa mbao moja. Ilikuwa kazi ya nusu saa, na niliwahi kufanya kubwa zaidi ya hiyo. Lakini nilikuwa na mifuko ya nailoni ya bluu, mipya, nilikuwa nimeitunza. Nikamimina kila mbegu kwenye mfuko wake, nikafunga fundo, nikazipanga rafu kwa rafu. Zilipendeza. Nilisimama nikazitazama, nikajiona mwanamke wa maendeleo. Vibuyu vya mama nikavitundika nje kwenye mti wa mkorosho.

Mwezi wa nane nilizianika mara moja. Mwezi wa tisa korosho zikaanza kudondoka, na wanunuzi walikuwa wanapita na magari, mwenye korosho safi na kavu ndiye anayesikilizwa. Nilikuwa shambani toka asubuhi mpaka giza, mgongo umeinama, naokota. Jioni nilikuwa nikipita mbele ya lile friji nakumbuka, nasema kesho. Pembeni yake jiko la mkaa linawaka, ukuta wa nyuma unapigwa na jua la mchana, na mimi nasema kesho. Mwezi wa kumi nikasema Jumapili. Mwezi wa kumi na moja sikusema kitu.

Mama alirudi mvua za kwanza. Kidonda kilikuwa kimepona, alikuwa amekonda lakini anatembea bila kushikwa. Alikuwa na haraka ya kwenda kwake, ardhi ilikuwa imelowa. Hakutaka hata chai. "Nipe mbegu zangu mwanangu, nikawahi."

Nilipofungua mlango harufu ilitupiga sote wawili. Mahindi yalikuwa yameota nywele za kijani na nyeusi. Kunde zimeshikana bonge moja, ukiligusa linatoa vumbi. Choroko na mbaazi hivyohivyo. Mifuko ilikuwa na matone ndani, imetoa jasho. Mama alitoa mfuko mmoja mmoja akaupanga sakafuni. Mimi nilikuwa nasema kwa niaba yetu sote wawili: hili friji, mume wangu huyu, ukungu ule, wanunuzi, sikupata nafasi. Nilimlaumu kila mtu aliyekuwa na jina.

Njugu mawe zilikuwa nzima. Nyeupe, doa lake jeusi, hazina ukungu hata kidogo. Nikazikumbatia zile njugu. Nikamwambia, "Mama, hizi zimepona." Akachukua moja akaing'ata, akaitazama ndani. Akahesabu thelathini, akazifunga kwenye kitambaa chenye maji, akakiweka kwenye bakuli la udongo barazani. Akasema atalala kwangu mpaka zijibu.

Siku zile sijazisahau. Watu wote walikuwa mashambani, unasikia majembe mpaka ng'ambo, na mama yangu kakaa barazani na bakuli. Kila asubuhi alikifungua kitambaa. Siku ya tatu, kimya. Siku ya tano zilikuwa zimevimba, roho yangu ikaruka, nikasema si unaona. Akasema hata jiwe la chumvi linalowa. Siku ya nane zikaanza kuteleza na kunuka. Siku ya kumi alifungua, akazitazama, akamwaga bakuli kwenye majivu. Hakuna hata moja iliyotoa jicho.

Nilitaka anitukane. Mama yangu alikuwa na ulimi, wote Mnyambe wanajua. Angenitukana ningelia, yangeisha. Alichofanya ni kuniuliza vibuyu vyake viko wapi. Nikaenda kuvichukua kwenye mkorosho. Viwili vilikuwa vimepasuka kwa jua. Akavitia kwenye kikapu vyote, vizima na vilivyopasuka, akaaga, akaondoka.

Jioni ile mume wangu aliingia jikoni, nilikuwa nasugua friji kwa ndimu upya. Nikasubiri anisimange, maana nilikuwa nimemsimanga miaka miwili. Akasimama mlangoni akasema polepole, "Mimi nililiziba nyuma. Wewe ukaliziba mbele." Basi, akatoka. Nilimchukia kwa hilo kwa muda mrefu, kwa sababu hakuwa ameongeza wala kupunguza kitu.

Mama alizunguka Mnyambe nzima kuomba mbegu. Yeye, ambaye wanawake wa pale walikuwa wanamjia wao. Nilisikia kwa watu: ameingia nyumba hii kapewa kiganja cha kunde, nyumba ile choroko. Mahindi alinunua dukani, yale yaliyopakwa dawa ya rangi ya waridi, ukiyapanda mwaka wa pili hayakupi kitu. Njugu za doa jeusi hakuna aliyekuwa nazo, isipokuwa bibi mmoja ambaye mama alimpa zamani, wote wakiwa wasichana. Huyo alimkatia kiganja kimoja. Mama alizipanda pembeni ya shamba, akazizungushia miiba, na kwa misimu mitatu hakuila hata moja.

Nilikuwa nakwenda kila mwaka kumsaidia. Nilikuwa nakwenda bila kuitwa. Aliniacha nilime, aliniacha nipalilie, hata kuvuna aliniachia. Kupanda alipanda mwenyewe. Nikishika kikapu cha mbegu alikuwa akinyoosha mkono, na mimi nampa. Hatukuwahi kuzungumza habari hiyo. Tulizungumza watoto, mvua, bei ya korosho, nani kafa. Alinipenda, hakuacha kunipenda, na alikuwa akinifungia muhogo na samaki mkavu kila ninapoondoka. Mimi nikajifariji, nikasema yamekwisha.

Mwaka wa nne njugu zilijaa. Nilifika Mnyambe nikamkuta mke wa kaka yangu ameshatangulia, kaja kutoka Lupaso. Wifi yangu ni Mmakua wa kule, mtu mpole, ana ukoo wake na mama yake na mbegu za mama yake. Sikujiuliza kaja kufanya nini. Tukasalimiana, tukapukuchua pamoja, tukacheka. Jua lilipoanza kupoa mama akaingia jikoni kwake, akapanda kwenye kigoda, akashusha vilindo vya mbegu za njugu kutoka kwenye dari. Viwili, vyeusi kwa moshi. Akatoka navyo uani akaviweka mbele ya wifi yangu.

Alimweleza yote. Namna ya kuanika, siku ngapi, majivu ya mti gani, urefu wa dari kutoka motoni. Wifi alikuwa ameinamisha uso, anaitikia kwa sauti ndogo, na mara moja aliniibia jicho na nikaona kwamba yeye mwenyewe anaona haya. Mimi nilikuwa na ungo mapajani. Niliendelea kupepeta wakati hakukuwa na makapi.

Mama alipomaliza alinigeukia. Alikuwa na mfuko mkubwa kuliko vile vilindo vyote viwili, njugu safi, zilezile za doa jeusi, amezichagua moja moja. Akaniwekea miguuni, akanishika bega akijiinua.

"Na wewe mwanangu," akasema, "nimekuwekea za kupika."

Nikazipokea kwa mikono miwili. Nikasema ahsante mama.